Sertifika Ukutani, Ngombe Analia

Mpendwa Mama Mado, wewe unayejibia barua za batu kwa gazeti, nakuomba msaada mbele ya Jumamosi kufika.

Mi ni mama wa batoto babili, mudogo angali ananyonya, tunaishi kwa ferme, shamba ya ngombe ya maziwa, ya Tata Nkongolo kwenye barabara ya Lubudi, na bwana yangu Muteba ndiye mukubwa wa zizi. Tata Nkongolo, patron wetu, alimuandikisha masomo ya internet, namna ya kuunguza pembe za batoto ba ngombe zikianza tu kuota, bila kubatesa: unapiga kwanza sindano ya ganzi kati ya jicho na pembe, unangoja dakika kumi, unagusa ngozi na ncha ya sindano kama anasikia, ndipo unaleta chuma ya moto, kisha unamupa dawa ya maumivu yanayokuja nyuma. Muteba alifungua video ya kwanza akasinzia. Akaniambia, «Mama Jémima, wewe ulifika shule ya secondaire, unijibie tu maulizo.» Nikajibu yote, mutoto kwa titi, simu kwa mukono, sertifika ikatoka na jina yake, akaibandika ukutani, na sasa bafanyakazi bote banamuita Docteur, naye anaitika.

Juma iliyopita akaunguza wa kwanza bila sindano. Kangombe kakalia mpaka mama yake akavunja mulango wa zizi. Nikauliza bwana yangu, «Tata, na ganzi?» Akacheka mbele ya batu: «Ganzi ya nini? Ngombe analiaka bure, sawa vile banamuke.» Dawa iko kwa frigo, hajui hata ni chupa gani. Jumamosi kuko bengine saba. Nikisema, atafukuzwa, na nyumba tunayolala ni ya ferme. Nikinyamaza, ni mi nimebatesa. Nifanye nini?

Mama Jémima, Lubudi

Mama Jémima,

Pole kwa kunyonyesha na kusoma kwa wakati moja. Pole yangu inaishia hapo.

Docteur! Docteur wa usingizi. Na anaitika! Hata mbwa anaitikaka, lakini mbwa anaitika jina yake mwenyewe. Kucheka machozi ya banamuke anajua. Chupa ya dawa hajui.

Na nani alimuvalisha udocteur huo? Ni wewe. Bukari ya kula utamupikia, suruali utamufulia, lakini kichwa ya mutu mwengine haisomewi. Uliita ile mapendo. Mi naita uwongo, na kangombe ndiko kalilipa.

Sasa sikia. Leo, mulango ukifungwa, umuambie Muteba: kesho tunaenda kwa patron sisi babili. Akikataa, enda peke yako, na utaje kosa yako mbele ya kosa yake. Ndiyo, nyumba inaogopesha. Lakini Tata Nkongolo alitaka mutu anayejua, na mutu huyo yuko kwake, ni wewe. Omba vétérinaire, daktari wa ngombe, asimame pale Jumamosi, sababu video si mukono. Wewe ushike sindano, Muteba ashike kichwa ya ngombe, na masomo ayaanze upya, macho wazi.

Dakika kumi zikipita, guseni ngozi. Kangombe kakishituka, chuma inarudi kwa moto na munangoja, hata Docteur apige kelele namna gani.