Kumtembeza Mkwe Bila Kumtazama

Stesheni ya Korogwe,
Februari, 1909.

Kwa dada yangu mpenzi Rosina, Mpale.

Shikamoo dada. Shikamoo tena, maana ile ya kwanza ni yangu na hii ya pili ni ya Elina. Naamini barua hii itakukuta u mzima, na mguu wako umepoa, na shemeji ameshawashinda nguruwe wanaomaliza mihogo yake. Sisi huku tunamshukuru Mungu, hatujambo, ila joto tu, na joto la Korogwe si habari. Mwalimu Simeo, wewe unayemsomea dada yangu, nakusalimu na wewe. Nakuomba usome polepole, na pakifika mahali pa kucheka umwache dada acheke kwanza. Barua iliyopita nimesikia ulicheka peke yako hata akataka kukunyang'anya karatasi.

Maharage uliyompa shemeji yangu Hiza yamefika yote, wala hayakupungua njiani, nami ninavyomjua kaka yake Elina kwa kula, nasema huo ni muujiza. Ahsante sana dada. Tumeyala na mgeni, na habari za mgeni huyo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Mgeni ni mama mkwe. Ndiyo, yeye mwenyewe, mama yake Elina, ameshuka kutoka Bungu. Siku hiyo nimetoka kazini na kuni begani, naingia uani naimba, kumbe ameketi pale kwenye kigoda anapepeta mchele! Loo, dada, nilitupa kuni nikarukia nyuma ya jiko kama mwizi wa kuku. Huko kwetu mtu akisikia mkwewe anakuja, hushika njia nyingine, na njia ziko nyingi. Mimi hapa nina chumba kimoja na ua mdogo wa kutandika mkeka mmoja. Mkwe hatazamwi usoni, hatajwi jina, haliwi naye chakula pamoja. Sasa nitapita wapi? Ikawa nikitaka kuingia kwangu nakohoa tangu barabarani, ili ajifunike au aingie ndani. Nilikohoa siku zile mpaka majirani wakaniletea dawa ya kifua.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya kwanza tu alifagia, akatwanga, akamwogesha mtoto wetu mchanga, akamkanda Elina kwa maji ya moto. Nilimshukuru Mungu nikiwa nyuma ya jiko. Lakini Elina alinijia huko huko akilia, akaniambia kwamba mama hakuja kumlea tu mzazi. Baba mkwe amemtuma. Amesema nchi hii ya chini imeshakula wajukuu wake wawili kwa homa, huyu wa tatu hataiachia. Kabla masika haijaanza, mama arudi Bungu na binti yake na mtoto.

Sikukasirika dada, niamini. Filemoni wetu alikufa akitambaa, na yule mdogo wake hata jino hakuota. Nani atamlaumu mzee? Ila niliogopa. Sadala, mwenzangu wa kazi, mke wake alipanda mlimani ati kwa mavuno ya mahindi tu. Mahindi yamevunwa, yamepandwa, yamevunwa tena, na Sadala bado anajipikia ugali mbichi. Mke akishakaa kwao na mtoto mgongoni, huyo kumrudisha ni kesi ya wazee, na mimi ruhusa ya kazi siipati ng'o. Nilitaka kumsihi mama mkwe asiwachukue. Lakini utamsihi vipi mtu usiyeweza hata kumtazama?

Jumapili ndipo Mungu alinifungulia mlango. Mama mkwe alimwambia Elina kwamba hawezi kurudi Bungu bila kuuona mji, wanawake wenzake watamwuliza. Elina arobaini yake haijatimia, hatoki. Akabaki mimi. Nikajisemea, haya, mdomo wangu umefungwa, basi acha mji wenyewe uniombee. Nikamwendea jirani yetu Bi Hajira atusindikize. Huyu ni Mzigua wa Kwaluguru, upande wa Handeni, mke wa Mbaruku mchukuzi wa mizigo. Mwislamu, anauza vitumbua pale stesheni, na kwa maneno hana mpinzani. Alikubali kabla sijamaliza kuomba.

Basi tukatoka. Mimi mbele, mama mkwe nyuma amejifunika kaniki mpaka kwenye nyusi, na katikati Bi Hajira, anachukua maneno ya huku kuyapeleka huko. Masikio ya mama mkwe ni mazima, ananisikia vizuri sana. Lakini desturi ni desturi, anangoja mpaka Bi Hajira ayarudie. Na Bi Hajira, dada, hajui kurudia neno bila kulitia chumvi.

Nilianza na stesheni. Nikasimama nikilielekea tangi la maji, mgongo nimewapa wao, nikasema Bi Hajira amweleze mama kwamba hapa ndipo ninapofanya kazi, gari la moshi likifika mimi ndiye ninayelinywesha maji na kulipakilia kuni. Bi Hajira akamwambia kwamba bila mimi gari haliondoki, na Mdachi mwenyewe, wallahi, siku nikiugua anakula jeuri yake. Mama mkwe akaliendea fungu la kuni, akagusa gogo, akalinusa. Akasema aniambie kwamba miti hii ni ya kwetu mlimani, na leo amejua inakokwenda. Sikujua kama ananisifu au ananilaumu. Kisha akauliza jambo jingine: mimi nikiwa huku nalinywesha gari, nani anamchotea Elina maji? Nikaona swali la namna gani hili, mtu yuko mbele ya gari la moshi! Nikajibu kwamba sasa twende tukaone maduka.

Kwenye duka la Mhindi nilitaka achague nguo. Wao wakaingia, mimi nikabaki nje nikitazama ukuta, maana duka lenyewe ni dogo na wakwe wawili hawaenei. Si ndipo Sadala akapita! Akaniuliza nimekosa nini hata Wazungu wakanisimamisha ukutani siku ya Jumapili. Nikamwambia aende zake. Ndani nikasikia mama mkwe anaikataa kanga ya maua, anachukua kaniki nyeusi, anasema maua ni ya watu wasiokuwa na kazi. Bi Hajira alikuwa amevaa maua kutoka juu hadi chini. Alicheka yeye mwenyewe mpaka Mhindi naye akacheka.

Nikamwonyesha daraja la mto Ruvu, huu wanaouita pia Pangani, nikalisifu chuma kwa chuma. Akauliza mbu wanatoka hapa? Nikamwonyesha kanisa la misheni na kengele yake. Akauliza Elina anatwanga na nani, na akishikwa na homa nani anakaa naye. Dada, nakwambia kweli, nilianza kuchoka. Kila nikimwonyesha kitu yeye ananiuliza mtu. Nikamwonyesha soko, nikamwonyesha nyumba mpya zilizoezekwa bati, nikamwonyesha hata nguzo ya simu nikamwambia maneno yanapita juu ya waya ule kwenda Tanga. Bi Hajira akaongeza kwamba yanapita hata matusi. Mama mkwe akasema vizuri, vizuri. Nikaona moyoni kwamba nimeshindwa, mji mzima umekwisha na yeye bado anawaza safari.

Tulipotoka kwenye nguzo alisimama. Akasema kwa sauti ya chini, akimwambia Bi Hajira aniulize, wajukuu wake tumewalaza wapi.

Bi Hajira alifumbua kinywa alete neno hilo kwangu, likamshinda. Mtu aliyeongea tangu asubuhi! Alishika upindo wa kanga yake akanitazama tu. Nami nilikuwa nimesikia. Nikashika njia ya nyuma ya misheni, wao wakanifuata.

Yale makaburi mawili nimeyazungushia mawe ya mtoni, na kila mwezi huwa napalilia. Nikasimama kando, nikageuka nitazame upande mwingine. Mama mkwe akaketi chini kabisa, kwenye udongo, akavua ile kaniki kichwani. Akaanza kuwaambia, kwa Kishambaa, kwamba yeye ndiye bibi yao, wasimwone mgeni, amechelewa, wamsamehe, mlima ni mrefu na hakuna aliyemwambia mapema. Akawaeleza habari za babu yao na za ng'ombe, kila ng'ombe kwa jina lake. Akawaambia kwamba wamepata mdogo wao wa kike. Dada yangu, niliziba uso kwa mikono yote miwili nikalia pale pale, mwanamume mzima.

Ndipo alipouliza nani aliwaosha. Hakusema mwambie, wala muulize. Aliniuliza mimi, akaniita baba. Nikajibu bila kugeuka kwamba Elina siku zile zote mbili alikuwa kitandani na homa, ndugu wa kike hatuna hapa, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Aliyewaosha ni huyu Bi Hajira. Yeye ndiye aliyewafunga sanda, wote wawili, akawabeba mikononi mpaka hapa, akarudi akakaa chini na Elina matanga yote, vitumbua vyake vikalala. Na maji yanayoulizwa tangu asubuhi, anayechota ni yeye, na kinu wanachotwangia ni chake. Nilipokuwa nasema hayo ndipo nilipoona upumbavu wangu. Nimemzungusha mama wa watu juani kumwonyesha mabati na vyuma, na alichokuja kukitafuta nimekiweka katikati yetu kinabeba salamu.

Mama mkwe alijikokota kwa magoti mpaka alipo Bi Hajira, akamshika miguu. Bi Hajira akapiga kelele, akasema jamani mama usinipe dhambi, naye akaanguka chini, wakashikana wakalia pamoja, Mshambaa na Mzigua, kaniki na maua. Hata nikimaliza wino sitaweza kukuandikia shukrani nilizosikia mahali pale. Baadaye mama mkwe akafuta macho akasema kwamba yeye hawezi kumwondoa mwanawe kwa watu kama hawa. Atarudi Bungu peke yake, na mbele ya mzee atajibu yeye.

Sasa Mwalimu Simeo, hapa usome taratibu zaidi, maana hapa ndipo ninapomfungulia dada yangu moyo.

Nilipata nilichokitaka, dada. Nilikitaka kwa kukohoa na kwa kutazama ukuta, nikakipata. Nikageuka kushukuru, na macho yangu yakaangukia yale mawe, na kando ya mawe pana nafasi, majani mafupi, ardhi imetulia. Nikaona kwamba masika inakuja. Bi Hajira atachota maji, atatwanga, atakesha. Lakini homa hawezi kuizuia, na kama angeweza angeshaizuia mara mbili. Nilikuwa nagombania mke asiondoke, na mtoto sijamwuliza kama ataishi. Basi nilifanya jambo ambalo huko kwetu wangeniita mwendawazimu. Nilimtazama mama mkwe usoni. Nikamwambia kwa kinywa changu, bila mtu katikati, mama, wachukue wote wawili. Wachukue kabla ya mvua.

Hakujifunika. Alinitazama naye, macho yake ni yale yale ya Elina, sikuwa najua. Akasema atawachukua, na mtoto akishatembea atamleta yeye mwenyewe kwa mkono wake, na baba mkwe asipopenda, atashuka bila kumuaga. Na jina la mtoto akalitoa pale pale, ataitwa Hajira. Mchungaji amekuna kidevu kidogo, kisha akasema hata kwenye Biblia limo.

Arobaini ya Elina imetimia Jumatano, na Alhamisi wameondoka. Hiza aliwangoja stesheni ya mbele wapande mlima pamoja. Elina alilia, nami nikamwambia asilie, nikalia mimi. Gari lilipofika halikuwa na maji, na mwenye kulinywesha ni mimi. Nikifunga bomba, linaondoka. Dada yangu, nililifungua bomba kidogo tu, uzi wa maji, likawa linakunywa taratibu, nami naangalia dirisha moja. Dereva alipiga kelele, Mzungu wa stesheni akatoka na saa yake mkononi. Nikawajibu kwamba leo maji ni machache.

Nakuomba jambo moja. Kutoka Mpale mpaka Bungu si mbali kwako mguu ukipona. Nenda ukawaone. Usipeleke kitu kikubwa, kaa nao tu siku mbili tatu, mbebe mtoto, kisha uniandikie kama anaongezeka.

Msalimie shemeji na watoto wote, na bibi Amne jirani yako. Mwalimu Simeo, ahsante kwa macho yako, Mungu ayatunze. Dada, Bi Hajira anakusalimu, anasema siku ukishuka huku vitumbua ni bure, na Mbaruku anasema hiyo ni chumvi. Nyumba ni kimya sana dada. Nimeacha kukohoa.

Mdogo wako akupendaye,
Habakuki Mdoe,
baba Hajira.