Gauni Lako Halikukuua

Nasta,

Nimekaa nyuma ya zizi letu, palepale tulipokuwa tukijifunza dansi, na hasira haijanitoka tangu siku walipokuzika. Nikitaka kusema nyumbani, mama ananikemea: "Monika, funga mdomo, wewe si mtu wa ukoo ule." Basi nakwambia wewe. Wewe hukuwahi kuniambia nifunge mdomo, isipokuwa mara moja kanisani, na siku ile ulikuwa na haki.

Unajua wanasema nini hapa Mwankoko? Wanasema gauni ndilo lililokuua. Gauni! Kitambaa cha maua na vifungo sita mgongoni!

Aliyeanza ni baba yako mdogo Petro. Alisimama kaburini, udongo bado mbichi, akasema uzungu umemmaliza mtoto wetu, eti ungetulia nyumbani ukasaga uwele kama wenzako ungekuwa hai. Na amevaa nini wakati anasema hayo? Kaptula ya kaki ya boma, soksi zimepandishwa mpaka magotini, na vile vifungo vya shaba anavyovisugua kwa majivu kila asubuhi ili Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, avione. Tarishi mzima, Mwingereza kamvisha kuanzia kofia mpaka viatu, halafu analaumu kola ya gauni lako. Nikawatazama watu, nikidhani atatokea hata mmoja acheke. Wapi! Wazee walitikisa vichwa kukubali, na mmoja wao alikuwa ndani ya koti la jeshi alilorudi nalo mwanawe kutoka Burma.

Dresa wa zahanati alisema wazi kwamba ni homa ya uti wa mgongo. Wiki ileile ilimchukua yule mzee wa karibu na kisima, shingo imekakamaa kama yako, na yeye alivaa ngozi ya mbuzi maisha yake yote. Mbona hakuna aliyesema ngozi ya mbuzi imemuua?

Nakumbuka gauni lile lilivyoanza, na nikikumbuka nacheka huku nalia. Ulinunua sabuni mjini, ikafungiwa karatasi ya gazeti la Kizungu, na kwenye karatasi kulikuwa na picha ya msichana amesimama kando ya baiskeli. Sabuni tuliisahau. Ulimpelekea picha ile fundi cherehani wa barazani kwa Mhindi mwenye duka, naye akaigeuza huku na huku, akauliza mikono ya gauni imeishia wapi, maana karatasi ilikuwa imelowa. Mke wa mwenye duka akatoka, akaitazama, akakuchagulia vifungo mwenyewe. Siku ya kwanza kulivaa ulitembea kutoka dukani hadi hapa bila kukaa hata pale tunapopumzikaga, ukiogopa lisikunjike.

Na nywele! Ulipopasha moto kijiti cha chuma ili uzinyooshe kama za kwenye picha, ukaniunguza mimi sikio kwanza, eti unajaribu. Nilikutukana kwa Kinyaturu, matusi ambayo hata ng'ombe waligeuka kutazama. Kovu bado lipo, Nasta. Nalishika ninapokuandikia.

Tulikuwa tunatafuta nini? Sijui. Santuri ikilia kwenye hoteli ya chai mjini, miguu ilikuwa haituombi ruhusa. Tulikuwa na miaka kumi na sita. Na wavulana je? Wao walikuwa wamevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, wanagongana na meza, suruali zao pana zinafagia vumbi, wamechongesha njia kwenye nywele. Watu waliwaita vijana wa kisasa na kuwacheka kwa upendo. Sisi wakatuita malaya. Mwaka huohuo, ngoma ileile, santuri ileile!

Lakini hayo ya kukusema ningeyavumilia. Kilichonichoma ni Felista.

Kabla hata hujapoa kaburini, Petro alitangaza kwamba mdogo wako hatarudi shule. Tangu baba yenu afariki yeye ndiye msemaji wa nyumba, na nani ampinge? Akasema shule ya misheni ndiyo mlango uliokuingiza kwenye gauni, na hatapoteza mtoto wa pili kwa mlango uleule. Felista akavua sketi yake ya shule, akaikunja, akaenda kukamua mbuzi. Hakulia. Bora angelia, mimi ningejua la kufanya.

Na wewe ulishasema! Ulisema siku ya mwisho, sauti imebaki kidogo, wote tukiwa tumejaa mle ndani ya tembe: "Felista asiache shule." Nilisikia mimi, alisikia mama yako, na Petro alikuwa amesimama mlangoni akasikia.

Ndiyo maana nilingoja siku ya kuanua matanga. Unaijua desturi ya ukoo wenu: nguo ya marehemu haitolewi bure. Anayeivaa anabeba na neno la mwisho la mwenyewe, na siku hiyo anaongea kama yule marehemu, na wakubwa hawana budi kumsikiliza. Bibi yako si alivaa kaniki ya dada yake akalirudisha lile shamba la bondeni?

Basi shangazi yako akaketi kwenye ngozi, akaanza kugawa. Khanga zako akampa huyu, shuka akampa yule, mkoba akampa binti yake. Lakini kumbuka, hizo zote hukuzivaa siku ile ya mwisho. Nguo uliyougulia, uliyosemea, ilikuwa gauni. Lilipofikiwa, shangazi akalinyanyua kwa vidole viwili, akalitupa pembeni. Petro akasema haraka, "Hilo la shetani likafukiwe." Haraka mno! Alijua vizuri sana alilokuwa akifukia.

Nikasimama. Nikasema nipeni mimi. Shangazi akaniambia, "Kaa chini, mwanangu, wewe si damu." Nikakaa, na meno yakauma kwa kuyabana.

Hapo mama yako akainuka. Nasta, mama yako alikuwa hajasema neno tangu mazishi. Akaliokota gauni, akaingia nalo ndani. Mimi nikamfuata bila kuitwa. Vifungo vitatu vilikubali, vitatu vikagoma, nikavishika kwa pini na kumfunika khanga mgongoni. Akatoka hivyo hivyo, kichwa kimenyolewa kwa msiba, magoti nje mbele ya watu, maua yamembana mabegani. Kuna waliocheka. Alipowapita, wakaacha.

Hakumwendea Petro kama shemeji. Unajua siku zote humpita kwa mbali, macho chini. Alikwenda akasimama mbele yake, akapiga goti kidogo kama ulivyokuwa unafanya wewe, akasema: "Shikamoo, baba mdogo."

Mbuzi ndio waliokuwa wanasikika. Petro akamtazama, akalitazama gauni. Shikamoo haiachwi ikining'inia hewani, hata ya adui. Akaivua ile kofia ya boma, akajibu taratibu, "Marahaba, Nasta."

Alikutaja jina mbele ya ukoo mzima, na hapo akawa hana budi kulisikiliza neno lako. Mama yako akasema, "Felista asiache shule," akageuka, akaenda kuwasha moto wa chai.

Jumatatu mama yako alimpeleka Felista shule mwenyewe, akiwa amevaa gauni lile, kwa miguu, kupitia sokoni. Watoto waliwafuata wakizomea. Mimi nilikuwa nyuma yao na fimbo, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuitumia. Sasa Petro anatembea akiwaambia watu wa boma kwamba yeye ndiye aliyeamua mtoto asome. Aseme! Mtu huyo ananitia kichefuchefu mpaka leo, wala sijamsamehe, usinisumbue kwa hilo.

Lala, rafiki yangu. Nakuahidi hili: kila asubuhi nitamsindikiza Felista mpaka njia panda, na akikua nitamfundisha dansi hapa zizini, zile hatua zako za kurudi nyuma. Gauni lipo kwa mama yako, limetundikwa ukutani mahali ambapo kila aingiaye analiona. Petro akija, analiamkia kwa macho kabla ya kukaa.

Wako,
Monika