Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Mama Wanjiru

Kitale, Jumanne asubuhi

Kwako Baba Nekesa,

Nakusalimu wewe kwanza, na mgongo wako, kama umeupumzisha kidogo na jembe. Namsalimu mama yako, kukhu wetu, miguu imepunguza kuvimba? Ale dawa akiwa ameshiba, asinidanganye. Namsalimu Nekesa, na mdogo wake Simiyu, naambiwa suruali zote sasa zimemkataa. Dada yako Nasimiyu mwambie sukuma wiki aliyonipa mbegu imeota kwa mikebe hapa mlangoni. Mimi niko mzima. Baridi ya Kitale ni ile ile, na bado napika chai na kufagia kwa duka la Mama Wanjiru, pale wanatengeneza video za harusi na mazishi.

Nimeandika kwa sababu kwa simu wewe hukata kabla sijafika kwa maneno. Nekesa ameniambia Jumamosi unaenda Bungoma kumnunulia laptop, na yeye anataka kompyuta ya meza, na sasa hamsemezani. Ati ulimwambia hiyo ya meza ni kitu cha ofisi ya chifu. Hata mimi nilidhani hivyo. Ngoja nikuambie nimeona nini.

Wiki jana mwalimu mmoja, mteja wetu, alikuja na laptop mpya, nyembamba kama sahani. Akamwambia Mama Wanjiru, "Hii yangu na hilo sanduku lako la kompyuta ya meza zina prosesa ya jina moja. Sasa sanduku ni la nini?" Prosesa ni ile sehemu ya ndani inayofikiria kazi yote. Niliuliza, nikaambiwa ni ndogo kama biskuti.

"Jina ni moja, mwalimu," Mama Wanjiru akasema. "Leta tuone kama mwendo ni mmoja." Akaweka harusi ile ile kwa mashine zote mbili, zianze kuitengeneza pamoja.

Laptop ikatangulia. Mwalimu akaniita, "Mama chai, ongeza sukari, leo tunasherehekea." Mama Wanjiru akakunja uso. "Hii haijawahi kunifanyia hivi," akasema.

Baba Nekesa, mimi nilisimama na birika. Unajua nyumba yetu, kila kiti kina kitambaa, hata redio. Sasa asubuhi hiyo nilikuwa nimelivika lile sanduku kitambaa changu cha maua ya zambarau, pale chini ya meza, nikakishusha mpaka nyuma vumbi lisiingie. Nikajua kitambaa kimelinyima hewa, na kosa ni langu. Nikinyamaza, kazi yangu iko. Nikisema, labda niambiwe nimeharibu mashine. Nikasema, "Mama Wanjiru, ni mimi. Nimeifunika."

Akainama chini ya meza, akacheka mpaka akakaa kwa sakafu. "Mama Nekesa, umeivalisha sweta ndio ikimbie mbio?" Akakitoa kitambaa, na hewa ya moto ikanipiga miguuni. "Tunaanza upya."

"Aka, mimi nimeshashinda," mwalimu akasema.

"Keti, mwalimu. Chai hujamaliza."

Mara ya pili zilienda bega kwa bega. Halafu feni ya laptop ikaanza kulia kama mbu, na mwendo ukashuka. Mama Wanjiru akanieleza vizuri, hakunidharau. Prosesa ya laptop imebanwa mahali pembamba, tena inapewa umeme kidogo isimalize betri, kwa hivyo ikipata joto inajipunguza yenyewe isiungue. Ya meza ina nafasi na feni kubwa, inakula stima nyingi, lakini inashika mwendo mpaka mwisho. Ni kama mimi nikipikia watu wa matanga ugali kwa jiko lisilo na dirisha. Nguvu ninayo, lakini lazima nitoke nje nipumue. Sanduku lilimaliza harusi yote, na kwa laptop bibi harusi hajakata keki. Nilifurahi kama ni mtoto wangu ameshinda.

Lakini sikufichi. Alhamisi stima ilipotea, sanduku likazima, kazi ya saa nzima ikapotea, na laptop ya mwalimu ikaendelea tu. Mwalimu alikuwepo, akatucheka sana. Sasa Mama Wanjiru ameweka betri kando ya sanduku, ya kumpa nafasi ahifadhi kazi. Na mtu wa kuandika barua tu hataona tofauti, tena laptop ataibeba hata akisafiri mpaka Naitiri. Ile ndogo pia ni ajabu, kufanya yote hayo imebanwa hivyo.

Roho yangu iko hapa. Nekesa ameahidi watu wa kanisa video ya harusi, na ni kazi yake ya kwanza. Mashine ikimchelewesha, watasema ni mtoto wetu hajui. Na wewe umeuza ndama kwa ajili yake, najua hukumnyima kitu. Kwa hivyo sikuchagulii. Kabla ya Jumamosi mwite, mwulize ni video ngapi, ndefu aje, na atazifanyia wapi. Umsikize mpaka amalize, usimkatize kama unavyonikatiza mimi.

Nisalimie jirani wetu wa kisimani, na mzee wa kanisa letu hapo Mabanga, na mama wa kwaya aliyenikopesha sufuria kubwa, mwambie nitarudi nayo.

Dada mmoja wa huku Kitale anayekuletea barua hii atafika kesho. Nipigie haraka, usiku huo huo kama unaweza, na usimtume Nekesa anipigie. Piga wewe, yeye akiwa amekaa karibu, nisikie mkiongea.

Ni mimi mkeo,
Mama Nekesa