Matairi Mawili ya Mbele

Jumatatu, 12 Aprili 1999

Mvua tena. Nguo za soko la Zhanqian Road zimeshafungwa, marobota saba, yamepangwa ukutani. Mikoba bado. Laobani wa Shiling, yule mwenye kiwanda, amepiga simu asubuhi: zipu zimeshonwa kombo, anafumua zote. Siku kumi. Nikapiga kelele. Akajibu meiyou banfa, hakuna la kufanya. Basi nakaa hapa Guangzhou.

Papa Kalala ameleta mashine ya gemu. Ni jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo wa Lubumbashi, ananunua vitu vya umeme. Anataka kuijaribu kabla ya kuagiza nyingi, na TV yake imekufa, kwa hiyo ameifunga kwenye yetu. Gemu ya mashindano ya magari. Unaanza na kigari dhaifu. Ukishinda, unakifungia vifaa vya nguvu zaidi. Nimecheza toka adhuhuri mpaka alasiri. Mwanamke wa miaka thelathini na nane. Nimeona haya, lakini si nyingi.

Kaka Shomari alipoona magari kwenye kioo alichukua mwavuli akatoka. Ana miezi mitatu hapa. Mama ndiye aliyenibana nimlete, anisaidie mizigo, asikae bure Tanga. Tunaongea habari za marobota na chumvi ya mboga. Zaidi ya hapo hatuna.

Jumatano, 14 Aprili

Nimelifungia gari langu injini kubwa. Nilidhani nimemaliza kazi. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna wa kunishika. Kwenye kona ni aibu tupu. Nakata usukani, gari halikati. Linakwenda moja kwa moja ukutani.

Papa Kalala amecheka mpaka akakohoa. "Mama Rehema, umeongeza moteri, lakini pneus ni zile za zamani! Gari itashika chini na nini?" Pneus ndiyo matairi.

Nikanunua matairi laini, yale yanayoshika lami. Ya mbele peke yake. Usukani uko mbele, nikaona hapo ndipo penye shida.

Gari limekuwa kisu. Kila kona linaingia. Nimeshinda mara mbili. Shomari alikuwa jikoni akichambua mchele, mgongo kwetu.

Alhamisi, 15 Aprili

Tatizo jipya. Kuna kona moja ndefu, inateremka kuelekea kulia. Naingia vizuri. Nikiachia mafuta kidogo tu, nyuma inachomoka. Gari linazunguka kama pia, linatazama lilikotoka. Mara kumi na moja leo. Nimezihesabu kwa hasira.

Nimetafuta daftari. Kama ni kazi, iwe kazi. Nabadilisha kitu kimoja, napiga raundi tano, naandika. Kwanza nimepunguza nguvu ya injini. Bado linazunguka. Kwa hiyo si injini. Papa Kalala akashauri nikaze springi za nyuma. Nimezikaza. Limekuwa baya zaidi. Nimezirudisha. Nikagusa breki. Afadhali kidogo, kisha lile lile.

Inashangaza. Kabla sijalifungia kitu kizuri, gari hili halikuwa likizunguka. Lilikuwa zito, lakini halikunigeuka.

Ijumaa, 16 Aprili

Sijacheza. Mwezi huu unatimia mwaka wa pili tangu afe Idi, mume wangu. Sijui kwa nini naandika "mume wangu" kana kwamba nitasahau.

Masika ya 1997. Yeye na Shomari walikuwa na pikapu yetu, wametoka Tanga kwenda Dar na mzigo wa machungwa. Mvua. Kona moja kabla ya Segera. Gari likageuka, likaingia mtaroni upande wa Idi. Shomari ndiye aliyekuwa anaendesha. Yeye alivunjika mkono.

Mimi nilikuwa hapa Guangzhou. Nilifika nyumbani siku ya tatu, Idi ameshazikwa. Shomari alikuwa amekaa kwenye mkeka uani na mkono wake kwenye bendeji. Nilisimama mbele yake, watu wamejaa, nikasema: "Umemuua mume wangu." Hakunijibu. Mama mkwe akasema asiingie tena nyumba ile. Mpaka leo hapokei salamu zake.

Tangu siku hiyo kaka yangu hajaendesha gari lolote. Watu walisema ni dalili kwamba anajijua kuwa ana kosa. Na mimi nilisema.

Jumamosi, 17 Aprili

Gemu tena. Kona ile ile. Papa Kalala alikuwa ameshika kidude chenye vitufe, anazunguka na yeye, anamlaani mtengenezaji wa gemu kwa Kifaransa. Nilikuwa nimekaa na daftari magotini.

Shomari alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Sijui alikuwa pale muda gani. Akasema, kwa sauti ya chini, "Si springi."

Wote tuligeuka. Papa Kalala akasema, "Ni nini basi, grand frère, kaka mkubwa?"

"Mbele mmempa miguu mizuri. Nyuma mmemwachia ya zamani." Alikuwa anaiangalia TV, si sisi. "Kama tairi nzuri ni mbili tu, zinakwenda nyuma. Mbele pakiteleza, unasikia mkononi, unapunguza. Nyuma pakiteleza umeshachelewa."

Akaweka ndoo chini, akatoka. Hakuchukua mwavuli.

Nimejaribu. Laini nyuma, ya zamani mbele. Gari limekuwa zito kuingia, linataka subira. Lakini halikuzunguka. Raundi ishirini, hata mara moja. Papa Kalala amepiga makofi. Nikayarudisha kama yalivyokuwa, kuhakikisha. Raundi ya pili tu, nyuma ikachomoka.

Nimeandika kwenye daftari: MATAIRI YA NYUMA. Nimepiga mstari chini yake. Nilikuwa na furaha. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli, nilikuwa na furaha.

Jumatatu, 19 Aprili

Nilikwenda Shiling kwa basi kukagua zipu. Mikoba imetandazwa juu ya meza ndefu. Nilikuwa nimeshika mmoja mweusi, nafungua na kufunga. Hapo ndipo iliponijia. Si polepole. Yote kwa pamoja, mpaka laobani akaniletea kiti na maji ya moto.

Mwanzoni mwa 1997 nilinunua matairi manne ya pikapu, hapa hapa. Ya nyumbani yalikuwa yameshakuwa vipara. Siku ya kupakia, mikoba ilizidi. Msafirishaji akasema kitu kimoja kipunguzwe. Nilitoa matairi mawili. Nikayaacha kwa mwenye duka, nikasema yatakuja na mzigo mwingine. Mikoba ikapata nafasi yake.

Yalipofika mawili, Shomari alinipigia simu. Alisema anataka kuyafunga nyuma. Nilimkatiza. Nilisema, "Funga mbele, ndiko kwenye usukani. Mbona unabishana na kila kitu?" Alianza kueleza. Nikasema dakika za simu zinakwisha. Nikakata.

Wiki tatu baadaye Idi alikufa.

Nimerudi kwa basi. Sikumbuki njia. Shomari alikuwa amepika wali na samaki. Nilimwambia kichwa kinaniuma.

Jumanne, 20 Aprili

Nimemwambia Papa Kalala aje achukue mashine yake. Ameona uso wangu, hajauliza. Amesema tu, "Courage, mama," akakunja waya akaenda.

Halafu nikamwita Shomari akae. Alikaa juu ya robota.

Nilimuuliza: "Siku ile, matairi mapya yalikuwa mbele?"

"Ndiyo."

"Na nyuma?"

"Vipara."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Kwenye simu."

"Baada yake. Nilipokutukana mbele ya watu. Kwa nini hukusema hapo?"

Alikuwa anasugua kifundo cha mkono, ule uliovunjika. Akasema, "Ulikuwa umefiwa, Rehema. Ningekuongezea na hilo?"

Nililia vibaya. Yeye hakuninyamazisha, na hakunigusa. Nilipotulia akasema kitu kingine, na nataka kukiandika kama alivyokisema, nisije nikakipunguza wala kukiongeza. "Usilibebe lote. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi nilikuwa na mwendo. Na dereva nilikuwa mimi. Ningeweza kuyahamisha mwenyewe, ni kazi ya nusu saa. Niliona uvivu wa kugombana na wewe."

Miaka miwili. Watu wamempita njiani bila salamu. Mchumba wake alirudisha posa. Na alikuwa na jibu mdomoni muda wote.

Jumatano, 21 Aprili

Sikuenda popote. Najaribu kutafuta mahali ambapo sina makosa. Nilikuwa sijui, ndiyo. Mtu hafi kwa mwenzake kutojua, au anakufa? Lakini Shomari alikuwa anajua, na alikuwa ananieleza, na mimi nilikuwa na haraka. Hapo ndipo ninaporudi kila ninapozunguka. Kosa la matairi nadhani naweza kuishi nalo. Lile la kumkatiza sijui. Na lile la uani, mbele ya watu, na mkono wake kwenye bendeji, hilo ni langu peke yangu. Hakuna mvua wala mwendo humo.

Ijumaa, 23 Aprili

Shomari amerudi kutoka msikitini na mikate miwili ya ufuta. Tumegawana. Nimemwambia nitampigia mama mkwe.

Akakataa. Mara ya kwanza kumsikia anapandisha sauti tangu aje. "Mwache mama wa watu. Ameshazoea kunichukia mimi. Ukimwambia ni wewe, atabaki na nani? Wewe ndiye unayemtumia dawa ya presha, wewe ndiye mkwe wake."

Nikasema, "Na wewe ni nani?"

Nimemwambia kwamba sitamwomba ruhusa. Kisha nikamwomba radhi. Si kwa kulia safari hii. Nimekaa sawasawa, nimemtazama, nimesema: kaka, nilikukosea kwenye simu, nilikukosea msibani, na nilikukosea kila siku baada ya hapo. Amesema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Sikumdai.

Mikoba imefika jioni. Zipu zimenyooka. Sikuihesabu, ameihesabu yeye.

Jumapili, 25 Aprili

Mvua imekatika. Saa tisa alasiri tulikwenda kwenye duka la simu hapa Xiaobei. Tanga ilikuwa saa nne asubuhi, mama mkwe anakuwa amemaliza chai. Shomari hakutaka kuja. Amekuja. Alisimama nje ya kibanda cha kioo, anasoma tangazo la Kichina asilolijua.

Nilisema yote. Matairi manne, mikoba, simu niliyoikata. Sikusema "kwa bahati mbaya." Nilisema pia kwamba Shomari alikuwa na mwendo, kwa sababu alinitaka niseme. Mama mkwe hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza nilidhani laini imekatika. Nilisikia jogoo, na mtu anafagia.

Halafu akasema, "Na yeye alikaa na neno hilo wakati wote?"

Nikasema ndiyo, mama.

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa nje."

Alivuta pumzi. Hakunilaani, wala hakuniita mwanangu kama anavyoniitaga. Alisema, "Mpe simu."

Nimetoka, nimemwita kwa mkono. Shomari alivua kofia kabla ya kuingia. Alishika simu kwa mikono miwili. Kupitia kioo niliona mdomo wake ukisema shikamoo, halafu haukusema tena. Alikuwa anasikiliza. Aliegemea ukuta. Baadaye akakaa chini kabisa, sakafuni, waya wa simu umenyooka, bado anasikiliza.

Mwenye duka alitaka kumwambia ainuke. Nilimzuia.

Alipotoka tulirudi nyumbani kwa miguu. Sikumuuliza alichoambiwa.