Mlangoni Waliniuliza Kama Mimi ni Ndugu

Guangzhou, Novemba 1998

Kaka Salum,

Nimekwenda. Ulizoea kunitania kwamba mimi hata ndoto naziandikia tarehe, basi nikueleze kwa mpangilio.

Tangu tukuzike Hong Kong, nyumbani hakukaliki. Ami Khalfani aliona katika picha zako umevaa ile aproni nyeupe ya chama, akasema ulikuwa Frimasoni, na Frimasoni hasomewi hitima. Mama habishani naye, analia tu kwenye simu. Mwisho akaniambia, "Idi, wewe ndiye uliye karibu. Nenda kaone, uniambie kweli." Kwa hiyo hitima yako inasubiri neno langu.

Nikamwachia mwenzangu oda ya jinzi kule Xintang, nikapanda treni kwenda Hong Kong. Yule profesa mzee aliyelibeba jeneza lako pamoja nasi ndiye aliyenialika kwenye chakula cha jioni cha loji ya chuo chenu, hilo tawi la Frimasoni. Nilivaa koti lako jeusi. Mikono yake inanipita.

Nje ya mlango alisimama mtu ameshika upanga. Akaniuliza kwa upole kama mimi ni ndugu. Nikasema ndiyo, ndugu yake Salum, baba mmoja mama mmoja. Akanipa mkono, akanibonyeza kwa kidole gumba, akasubiri. Sikujua anasubiri nini. Nikaubusu mkono wake, kama tunavyowaamkia wakubwa nyumbani. Alibaki kaduwaa na upanga wake. Ndipo profesa akatokea, akicheka, akamwambia, "Huyu ni ndugu wa kuzaliwa. Si ndugu wa humu, hajui alama zetu."

Wakaniweka chumba cha nje, wao wakaingia kwenye kikao chao na kufunga. Nikasikia wakigonga mlango kwa ndani, na yule wa upanga akijibu kwa kugonga, kisha kimya. Nilisoma Ayatul Kursi mpaka ulimi ukakauka.

Walipotoka tukaenda kula. Mezani walikuwa watu wa kawaida, walimu, daktari wa meno, mmoja analalamikia goti. Ukigusa dini au siasa wanakubadilishia mazungumzo, ndiyo desturi yao. Kisha wakasimama kuwakumbuka ndugu wasiokuwepo, na jina lako likatajwa, Saluumu, wamelivuta kama mpira. Glasi mbele ya kiti chako ilikuwa imefunikwa. Mhudumu akaninong'oneza kwamba ndivyo ulivyoifunika kila mara mvinyo ulipopita. Nikapumua.

Lakini profesa, akitaka kunifariji, akaongeza, "Alipokula kiapo chetu, tulimwekea Kurani. Hatukumpa kitabu cha watu wengine."

Tangu hapo sina raha. Neno hilo linakutetea au linakumaliza? Mama atashukuru. Ami atasema hapo ndipo ulipoharibu zaidi, kuapia siri za watu juu ya Msahafu. Na mimi sikuingia chumba kile. Nilichotumwa kukiona kilibaki ndani.

Ningekuuliza wewe. Ulipokuja kunitembelea, tulikaa kwenye ule mgahawa wa tambi wa Waislamu, ukanitolea pilipili kwenye bakuli bila kuombwa, moja moja, kama nilipokuwa mdogo. Ulikuwa mbele yangu. Mimi nikakuuliza habari za bei ya viatu.

Kesho nampigia Mama. Nitamwambia habari ya glasi, nitamwambia habari ya Kurani, na nitamwambia mlango ulifungwa nikiwa nje. Sitakupamba, sitakuchafua. Ami akikataa, basi hitima tutaisoma huku. Nimeshazungumza na wafanyabiashara wenzangu wa Dar tunaosali nao Ijumaa. Wamekubali, ila Bakari akanivuta pembeni akauliza, "Kwani kweli alikuwa mmoja wao?"

Nikamwambia sijui, na aje hivyo hivyo. Akauliza aje saa ngapi.

Pumzika, Kaka. Nitakuombea bila kujua yote, na sitaacha, mpaka tutakapoonana unieleze mwenyewe.

Mdogo wako,
Idi