Kuhusu Ile Liseuse Unayotaka Kumununulia Papa

Mapendo, Goma
Tarehe 14 Septemba 2025

Mupendwa mudogo wangu Munguakonkwa,

Nakusalimu kutoka hapa nyumbani, nikiomba karatasi hii ikukute muzima huko Liège. Mugongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Katika sauti uliyotutumia kwa simu nilisikia unakohoa. Tafadhali usitoke asubuhi na kifua wazi. Sisi tunaamka, tunakula kidogo, tunamushukuru Mungu. Mume wangu Gentil bado hana kazi tangu ofisi yao ifungwe. Mimi ninashona pale courant ya umeme inapokuja, na isipokuja ninakaa na mukasi mukononi.

Utashangaa kupata barua wakati simu iko. Ni kwa sababu ya Papa. Kila sauti yako ikiingia anataka tuifungue mbele yake, na nikikurekodia yangu anakaa karibu, anasikiliza mpaka mwisho. Haya ninayokuandikia hataki uyajue. Kwa hiyo nimeyakabidhi kwa Mama Jeanine, jirani yetu, anayepitia Kigali kwenda kumuona binti yake huko Ubelgiji.

Sasa swali lako. Uliniomba nichunguze kama inafaa umununulie Papa liseuse, ile mashine ya kusomea vitabu, kwa siku yake ya kutimiza miaka sabini na tano. Wazo lako lilinigusa. Hukuwepo siku tuliporudi kutoka Gisenyi, tulikokimbilia ng'ambo ya mupaka, baada ya mapigano ya Januari, tukakuta sanduku la vitabu vya Papa limebebwa na vitabu vyenyewe vimemwagwa uani, mvua inavinyeshea. Vitabu vya ualimu wake wote, tangu Bukavu. Aliinua kimoja kimoja, vimevimba kama mikate, akavirudisha chini.

Basi nilifanya ulivyoniomba. Mwalimu Lévi, yule anayefundisha universite na anakaa nyuma ya kanisa, anayo moja. Alinionyesha. Ukiichaji mara moja inakaa majuma matatu, na kwetu hapa hilo ni jambo kubwa. Vitabu mia vinaingia humo na nafasi inabaki. Haichomi macho kama simu, na herufi unaweza kuzikuza mpaka maneno matano tu yajaze ukurasa. Nilitoka kwake nimeshaanza kukuandikia kichwani: nunua, hata kesho. Akaniazima kwa juma moja ili Papa aijaribu.

Papa aliipokea kwa mikono miwili. Lévi alikuwa ameshafungua kitabu cha hadithi za Kifaransa na kukuza herufi. Papa akakaa kwenye kiti chake karibu na mulango, midomo inacheza, kidole kinageuza kurasa kama alivyoonyeshwa. Siku tatu nilimuona hivyo. Nikimuuliza ananijibu, « Mashine iko muzuri sana. Herufi zinaonekana wazi. »

Siku ya nne nilitoka jikoni na chai yake. Alikuwa anasoma, kidole kinatembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Nikapita nyuma yake. Mashine ile ukiiacha kidogo inalala, na ikilala inaweka picha. Hapakuwa na herufi hata moja.

« Papa, » nikasema, « hiyo ni picha. »

Kidole kikasimama. Akauliza kwa sauti ya chini:

« Picha ya nini? »

Nikamujibu ni ya mulima. Akasema, « Ah, mulima, » akanirudishia mashine, akaomba chai yake.

Mudogo wangu, miaka miwili Papa amekuwa akiniita: « Généreuse, unisomee hii karatasi, miwani yangu iko mu chumba. » Kila mara miwani iko mu chumba. Na mimi, mikono ikiwa kwenye unga, nilikuwa namujibu vibaya: si uende uichukue? Karatasi inarudi mufukoni. Kwenye misa anashika kitabu cha nyimbo wazi kama wengine. Ninaishi naye nyumba moja, ninamupikia, ninamufulia. Sikuona.

Kesho yake nilimupeleka kwa munganga wa macho, Mama Umwiza. Alimupima kwa muda mrefu. Anasema ni glaucome, presha ndani ya macho, ambayo inakula polepole bila kuuma. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona kidogo tu, kama mutu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kilichopotea hakirudi, hata kwa operesheni. Matone yanaweza kulinda kilichobaki, labda mwaka, labda zaidi. Nikamuuliza: na kama ningemuleta mapema? Aliangalia kwanza karatasi zake.

« Tungelinda mingi, mama, » akasema.

Njiani Papa alinishika mukono. Hajawahi. Tukapita penye mawe, akaniambia, « Umuambie Munguakonkwa anunue ile mashine. Ya macho usimuambie. »

Nikamuuliza, atafanya nini nayo?

« Miaka yote hii mutoto anatafuta kitu cha kunipa. Nikikataa, atanipa nini? Na akijua, atakuja. Akitoka kule sasa hawatamuruhusu kurudi. Amengojea zile karatasi za kukaa miaka sita, Généreuse. »

Sauti aliyokurekodia Papa itakuwa imekufikia kabla ya barua hii. Mimi ndiye niliyeshika simu akikusifia herufi, na nilinyamaza. Naomba uwe bado hujaenda dukani.

Usinunue. Ukiituma, itakaa mapajani mwake, na atajifanya anasoma kila siku kwa ajili yako. Siwezi kuangalia hilo.

Kama unataka kutuma kitu, tuma matone. Jina lake nimeliandika kwenye kikaratasi ndani ya bahasha, na Mama Umwiza mwenyewe ametia sahihi chini yake. Hapa juma hili yako, juma lijalo hayako, tangu ndege ziache kutua. Umupe Mama Jeanine akirudi mwezi wa kumi. Papa atadhani nimeyapata hapa.

Kuhusu kuja, sikuambii uje na sikuambii ubaki. Najua karatasi hizo zimekugharimu nini. Lakini huo mwaka aliosema munganga umeshaanza, na sikutaka siku moja uniulize kwa nini nilinyamaza. Kunyamaza na kutokuona, nimeshafanya vya kutosha.

Ukimupigia, mwambie mashine hizo zimekwisha madukani. Atakuuliza mara mbili tatu kama kweli umetafuta. Ushikilie hapo hapo.

Gentil anakusalimu, na shangazi Athanasie, aliyetoka Bukavu kwa mashua juma lililopita, anauliza kila siku kama umeoa. Utusalimie wale Wakongo wenzako unaokaa nao.

Nimekuandikia muchana, hapa mezani, Papa ameketi mbele yangu. Aliniuliza kalamu hii inaandika nini muda wote huo. Nikamujibu: vipimo vya nguo za wateja. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kunitazama.

Mungu aliyekuvusha mpaka huko akukinge na baridi na upweke, akupe la kuamua.

Dada yako akupendaye bila kupunguza,

Généreuse