Yule Mama wa Kwenye Chupa

S.L.P. 61,
Malava, Kakamega.
12 Juni 1994

Mpendwa Phanuel,

Pokea salamu zetu. Hujambo huko kwenye baridi, na kile kifua kimepona? Sisi tunapumua. Mahindi yamefika kiunoni, ila miwa bado inangoja trekta la kiwanda.

Barua yako ilisomwa Jumapili baada ya kanisa, mbele ya ukoo mzima kama kawaida yetu. Baba yako mdogo Patroba aliisoma kwa madaha mpaka akafika kwenye kazi yako ya maabara: kwamba kuna mama aliyekufa zamani kwa saratani ya titi, na kipande cha uvimbe wake kingali hai ndani ya chupa, kinaongezeka, nawe ndiwe unayekilisha. Hakuna aliyegusa chai tena.

Mwanangu, nakupenda lakini hapo umenitia wasiwasi. Mtu amekufa au hajafa? Hapa kwetu hata kondo la nyuma la mtoto huzikwa nyumbani. Watu wa huyo mama waliulizwa? Tena umeeleza habari zake kurasa nzima na jina lake hukulitaja. Hulijui, au umekatazwa?

Sasa nikwambie tulichokuficha, kwa kuwa mama yako alitukataza. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto tangu Pasaka. Daktari anataka kumkata kipande kidogo kikapimwe Nairobi. Alikuwa amekubali, hata nguo amefunga. Baada ya barua yako aliufungua mzigo.

"Mimi siendi," alisema. "Hao watu hawarudishangi kitu. Nitakufa hapa, na huko bado wananilishanga."

Nilimwambia si kila kipande hufugwa. Nilisema tu, maana hata mimi sina hakika, na pale hospitalini ukiuliza unaambiwa ungoje.

Uvimbe wenyewe haungoji, na naogopa. Atakusikiliza wewe peke yako. Mwandikie upesi: kipande kikishapimwa kinakwenda wapi, na je, tunaweza kurudishiwa tukizike? Usimpambie maneno, anakujua ukidanganya.

Patroba na dada yako Beverly wanakusalimu. Mama yako hakutuma salamu, anangoja jibu.

Na mimi nijibu langu: kipande chake kikiletwa mezani kwako, utakizika au utakilisha?

Mungu akulinde, na akuandikishe kweli.

Shangazi yako akupendaye hata akikushuku,
Musimbi